Vijana Wafundishwe Ufundi wa Vyuma hadi Mwisho

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, chuma si kitu kigeni. Mkulima wa huko analima kwa plau inayokokotwa na maksai. Mchimbaji mdogo wa dhahabu anasaga mawe yake kwa mtambo wa chuma. Mwenye nyumba analala nyuma ya mlango wa chuma, na gari la watalii lililopasuka chesisi katika barabara za Serengeti halina budi kutafuta fundi kabla ya kuendelea na safari. Pamoja na hayo yote, vijana wengi wa wilaya hizo humaliza shule bila kujua hata namna ya kushika kijiti cha kuchomelea. Ndiyo maana tunaunga mkono kwa dhati kila mpango wa vijana wa kujitolea unaofundisha ufundi huo. Lakini tunauunga mkono kwa sharti moja, nalo ni kwamba ufundishwe hadi mwisho.

Fikra ya kuunganisha kujitolea na ufundi ina mizizi mirefu nchini mwetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 ili kijana alitumikie taifa kwa mikono yake, na huku akijifunza. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, alitoa mwongozo wake wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi Novemba 1974 likatoka Azimio la Musoma, lililotaka elimu na kazi vifungwe pamoja. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na kimojawapo kipo Tarime hata leo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mkoa wa Mara unahitaji kuletewa wazo kutoka mbali. Wazo lilitamkwa hapo hapo. Kilichosalia ni utekelezaji.

Hata neno tunalolitumia sasa tumelirithi kutoka visiwani. Zanzibar iliunda Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa sheria ya mwaka 2006, na vituo vyake vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vimewazoesha watu kuiita kazi ya mikono kwa jina la heshima. Tanzania Bara nayo, tangu Januari 2024, imeanza kufundisha mkondo wa amali katika shule za sekondari. Kubadilisha jina ni hatua njema. Lakini jina halichomelei lango. Linalochomelea lango ni mkono uliozoezwa.

Huenda ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Rukuba na visiwa vingine vya Ziwa Viktoria wakauliza habari za Tarime na Serengeti zinawahusu nini. Zinawahusu sana. Mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo nafuu. Kizimba cha mabomba ya chuma hakidumu majini kama maungio yake ni mabovu. Boti inahitaji kitako cha injini kilichoshikwa sawasawa. Mkazi wa kisiwani anayevunjikiwa na chuma na kumkosa fundi karibu hulipa mara mbili: analipa nauli ya kukivusha chuma hicho, na analipa siku zinazopotea bila kazi. Kijana aliyefundishwa vema Tarime au Mugumu anaweza kesho kuwa fundi wa Nansio. Na kijana wa kisiwani ana haki ya kudai kwamba mpango utakaofanikiwa huko uvuke maji umfikie naye.

Tuseme wazi pia kwamba jambo hili lina uzito kuliko milango na madirisha. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, mgodi wa North Mara umekuwa ukichimba dhahabu tangu mwaka 2002. Kwa miaka mingi vijana wa vijiji vya jirani wameingia katika eneo la mgodi kutafuta mawe yenye dhahabu, na wako waliopoteza maisha au viungo. Huko Serengeti wako waliofungwa kwa ujangili, nao walianza kwa kutafuta kitoweo na fedha kidogo. Wizi wa mifugo umeacha wajane katika koo nyingi. Hatusemi kwamba mashine moja ya kuchomelea itaondoa mambo hayo yote. Tunasema kwamba kijana mwenye kazi inayomlipa jioni ana sababu ya kulala kwake usiku.

Tuwakumbuke na mabinti. Wilaya hizi mbili zinajulikana kwa mapambano dhidi ya ukeketaji, na nyumba salama za Masanga na Mugumu zimewapokea wasichana wengi waliokimbia makwao, hasa misimu ya Desemba. Msichana aliyekataa kisu amefanya jambo la ushujaa. Lakini akifukuzwa nyumbani atakula nini? Cherehani ni msaada mzuri, nasi hatuidharau. Hata hivyo hatuoni sababu ya kumwekea binti mpaka hapo. Kuchomelea kunataka jicho makini, mkono mtulivu na subira, na sifa hizo hazikugawiwa kwa wanaume peke yao.

Sasa tuje kwenye sharti letu. Kuchomelea ni kazi ya hatari inayoonekana rahisi kwa anayetazama kutoka mbali. Cheche ya umeme inayounganisha vyuma ina joto linalopita nyuzi 3,000 za Selsiasi, ambapo chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Mwanga wake unachoma macho bila kuhisiwa kwa wakati ule, kisha usiku mtu anaamka akihisi kana kwamba ametiwa mchanga machoni. Moshi wa bomba lililopakwa zinki unamletea fundi homa. Pipa lililowahi kubeba petroli, likichomelewa kabla ya kusafishwa sawasawa, linaweza kulipuka na kuua. Na hata pale fundi anapobaki salama, kijiti kilichoingia unyevu huacha vitundu ndani ya ungio, vikafichwa na rangi, mpaka siku ungio hilo litakapobeba mzigo.

Mambo hayo hayafundishwi kwa wiki mbili. Lakini ndivyo baadhi ya mipango inavyofanya. Wanakuja watu wa kujitolea wenye nia njema, wanakusanya vijana, wanawaonyesha mashine, picha zinapigwa, mgeni rasmi anahutubia, kisha mashine inafungwa stoo au inarudi ilikotoka. Kijana anabaki na fulana ya mafunzo na kumbukumbu nzuri. Akienda kuomba kazi anaulizwa cheti, hana. Akitaka kujiajiri anaulizwa mtaji, hana. Akijaribu kwa mashine ya kuazima, bila kioo cha kukinga macho, anaharibu kazi ya mtu na pengine jicho lake. Mpango wa namna hiyo haukumwacha pale ulipomkuta. Umemwongezea tumaini, kisha ukalivunja.

Kujitolea nako kuna mpaka wake. Mwezi Aprili 2021 taifa lilishuhudia vijana wa JKT walioshiriki katika kazi za ujenzi wakigoma na kudai waajiriwe jeshini. Nidhamu ya jeshi ina taratibu zake, nasi hatutaki kuzijadili hapa. Funzo tunalolichukua ni hili: kijana anayetoa miaka yake kwa ajili ya nchi lazima atoke na kitu mkononi, ambacho hakitegemei huruma ya mwajiri mmoja. Ufundi uliothibitishwa kwa cheti ni kitu cha namna hiyo. Mkoa wa Mara una kambi ya JKT ya Rwamkoma. Ingefaa kijana yeyote anayejitolea hapo, akiwa na mwelekeo wa ufundi, atoke akiwa fundi anayetambulika.

Wako wanaosema kwamba mafundi wa mageti wamekwisha kuwa wengi, na kwamba kuongeza wengine ni kuongeza watu wa kugombea tenda moja. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Tukimfundisha kila kijana kutengeneza geti la aina moja, watapunguziana bei mpaka wote wafilisike. Lakini dawa yake ni kuwafundisha zaidi, wala si kuacha kuwafundisha. Wilaya ya wakulima wa maksai inahitaji plau na mikokoteni. Machimbo yanahitaji watu wa kukarabati mitambo. Ziwa linahitaji vizimba. Na Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinawataka wenye migodi watoe nafasi kwa kazi na huduma za wananchi. Kanuni hizo hazitamsaidia mwananchi wa Nyamongo kama kazi yake haifikii kipimo kinachotakiwa mgodini.

Kwa hiyo tunatoa ushauri wetu kwa viongozi wa serikali, kuanzia mkoa hadi kijiji.

Kwanza, mpango wowote wa kujitolea unaotaka kufundisha uchomeleaji katika wilaya hizi ufungamane na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime, au na VETA, tangu siku ya kwanza. Wanaojitolea waje na ujuzi na moyo wao, na chuo kiweke mtaala, mtihani na cheti. Kwa vijana waliojifunzia mitaani chini ya mafundi wazee, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Utaratibu huo utangazwe vijijini, maana wengi hawajausikia.

Pili, pasiwe na somo bila kinga. Halmashauri isikubali mafunzo yaanze kama hakuna vioo vya kukinga macho, glavu za ngozi na viatu vya kufunika mguu kwa kila mwanafunzi. Anayefadhili mashine bila kufadhili kinga hajamaliza ufadhili wake.

Tatu, mazoezi yawe ni huduma. Katika shule zetu yapo madawati ya fremu za chuma yaliyofunguka maungio. Badala ya kuchomelea vipande vya chuma na kuvitupa, wanafunzi na wayatengeneze madawati hayo chini ya jicho la mwalimu. Shule itapata mahali pa kukalisha watoto, na kijana atajifunza kwa kazi ambayo watu watamwona ameifanya.

Nne, mikopo ya halmashauri isisubiri kijana aitafute. Sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Maofisa maendeleo ya jamii wafike chuoni kabla ya mafunzo kwisha, wawasaidie wahitimu kuunda vikundi, ili mashine ya kwanza ipatikane wakati mkono bado una joto. SIDO nayo, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iwashauri namna ya kupanga bei na kuweka hesabu.

Kwa mafundi wetu wazee tuna ombi la pekee. Enzi za wahenga mhunzi alijulikana kijiji kizima, na mtoto alijifunza kwa kuvuta mivukuto kabla ya kuruhusiwa kushika nyundo. Hakuna programu ya wageni itakayoshinda malezi hayo. Fundi mwenye karakana Tarime, Sirari au Mugumu, akimpokea kijana mmoja na kumfundisha kwa haki, amejitolea kuliko wengi wanaotajwa majukwaani. Tunamwomba tu asimfanye kijana huyo mtumwa wa kufagia karakana miaka mitatu.

Na kwa vijana wenyewe tunasema: ufundi hauji kwa haraka. Maungio ya kwanza yatakuwa mabaya, na ya kumi pengine pia. Usiyafiche kwa rangi. Yavunje, uyatazame ndani, uyarudie. Watu wa kisiwani watakaopanda boti uliyoichomelea hawatakuuliza ulijifunza kwa furaha kiasi gani. Wataliamini ungio lako kwa uhai wao, nalo halina budi kuwashika mpaka wafike gatini.