Kazi ya mkono si mchezo wa bure



Kule Marekani kuna watu wazima wanaotengeneza upya vichezeo vya askari. Wengine kati yetu waliposikia habari hiyo walicheka: "Baba mzima anacheza na pupe?" Sisi tunaona inafaa kwanza kujua ni kazi gani, ndipo tucheke.

Mwaka 1964 kiwanda cha Hasbro kilitoa sanamu ya askari iliyoitwa G.I. Joe, urefu wake karibu sentimetri 30. Mwaka 1982 ikarudi ndogo, kama sentimetri 9 na nusu, na ile namna ikaendelea mpaka 1994. Lakini si kila askari aliyechorwa alifika dukani. Mchoraji anachora, fundi anachonga mfano, halafu wanakata forma ya chuma ya kumiminia plastike. Forma hiyo inakula feza mingi. Wakuu wakiona feza haitarudi, wanaacha. Ao biashara yenyewe inasimama: vile vilivyopangwa kwa 1995, vingi vilibaki bila kutoka.

Hapo njo kazi ya watu hawa inaanza. Wakipata picha ya mchoro ulioachwa, wanataka kuushika kwa mkono. Ile sanamu ndogo inashikwa na vise moja mgongoni na pete ya kaushu ndani. Ukifungua vise, kifua, mikono, kiuno na miguu vinaachana. Fundi anachukua mikono ya huyu, kichwa cha yule, miguu ya mwingine. Panapopungua anaongeza mastiki, anaiacha ikauke, anachonga kwa kisu. Mwisho anapaka rangi, kidogo kidogo, kwa sababu kwenye viungo rangi nene inabanduka upesi.

Wengine wanasema huo ni wizi, ni kukopia tu. Lakini kiwanda chenyewe kilichanganya vipande. Askari wengi wa 1982 walitumia mikono na miguu ile ile; hata kichwa kimoja kilipewa askari zaidi ya mmoja, ikabadilishwa rangi ya nywele tu. Wizi uko pale mtu anauza kazi yake na kudanganya kwamba ni mfano wa kweli wa kiwanda. Anayesema wazi, "Hii nimeifanya mimi kwa kufuata mchoro," hana deni kwa mtu. Neno hilo tulisikie hata sisi, siku ya mtihani.

Kuna neno lingine, nalo ni zito zaidi. Hivi ni vichezeo vya vita. Sisi wa inchi hii tunajua askari mdogo ni nini: katika vita ya 1996 na 1997, watoto walioitwa kadogo walibeba bunduki za kweli. Hatuwahukumu wale mafundi wa Marekani. Sanamu zao hazijamuua mtu. Lakini sisi tuchukue ufundi wao, bunduki tuiache.

Na ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Mtoto anayekunja waya akafanya kamyo, magurudumu akayakata katika sandale iliyochakaa, anafanya kazi ile ile: kitu hakiko dukani, ao feza haiko, basi mkono unakileta. Tofauti ni kwamba wao wanafuata mchoro na vipimo. Sisi mara mingi tunakisia tu.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Katika saa ya kazi za mikono, kila mmoja achore kwanza, apime, halafu atengeneze kwa vipande vilivyotupwa mtu ambaye hatujamwona katika duka la vichezeo: mvuvi na mtumbwi wake, mama wa soko na kikapu, kijana wa Goma anayesukuma chukudu yenye mizigo. Aandike jina lake chini ya kazi, na pembeni aandike vipande vilitoka wapi.

Kazi hizo zikipangwa juu ya meza mbele ya darasa, hata wale waliocheka watakuja kutazama. Nani ataanza?