Kiwanda cha Ndugu na Fungu la Yatima

Barua imetufikia kutoka kata ya Mbangala, wilayani Songwe. Mwandishi wake ni kijana aliyefiwa na baba yake, mkulima wa alizeti. Amesikia kwamba mwenye kiwanda katika eneo huru halipi kodi ya mapato kwa miaka kumi, naye ataka kuliuza shamba la marehemu, anunue mashine ya kukamua mafuta, auze ng'ambo ya Tunduma. Ametuomba dua na ushauri. Dua tumeiomba.

Alilolisikia ni kweli, ila si lote. Msamaha huo ulikuja na sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, nayo ilikuwa na masharti mazito: angalau asilimia 80 ya bidhaa ziuzwe nje ya nchi, na kwa mwekezaji Mtanzania mauzo hayo yasipungue dola 100,000 kwa mwaka. Si lazima kuhamia Mabibo, Dar es Salaam, liliko eneo la Benjamin William Mkapa. Kiwanda kimoja chaweza kupewa hadhi hiyo kikiwa mahali pake. Lakini popote kilipo, kitakuwa chini ya jicho la forodha.

Huko ng'ambo nako si kumoja. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilhali Kongo iliingia mwaka 2022, na kwa itifaki ya forodha ya Jumuiya, bidhaa za maeneo haya zikiuzwa ndani yake hutozwa ushuru kamili. Basi kijana wetu asimhesabu mnunuzi wa Lubumbashi sawa na yule wa Nakonde kabla ya kuiuliza Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi, iliyozaliwa mwaka 2025 TIC na EPZA zilipounganishwa.

Nasi twauliza: kwa nini ng'ambo? Nchi hii huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula inayotumia. Mama wa Mkwajuni na mwenye duka wa Vwawa wayataka mafuta hayo leo, na mfugaji ayataka mashudu. Kampuni ya kawaida, iliyosajiliwa BRELA, yatosha kuwauzia. Italipa kodi, naam, lakini kwa kawaida hulipa kodi ya mapato yule aliyepata faida. Msamaha wa miaka kumi haumfai kitu anayekula hasara.

Tumekawia kwenye kodi, na hali mstari uliotushtua katika barua ni wa mwisho kabisa: "Mama na wadogo zangu wawili hawana neno." Wadogo hao mmoja ana miaka tisa, mwingine kumi na miwili. Watakuwaje na neno?

Kijana wetu, shamba hilo si lako bado. Lilipwe kwanza deni la marehemu, utekelezwe wasia wake kama upo, kisha mirathi igawanywe, kila mtu alijue fungu lake. Mama ana thumni yake, aitie kiwandani au aizuie, na asiulizwe mbele ya wajomba akaona haya kukataa. Fungu la wale wadogo ni amana mikononi mwa msimamizi. Haliingizwi katika mashine ambayo haijakamua hata debe moja.

Likibaki fungu lako peke yako, huenda lisitoshe mashine. Basi tafuta wabia, mwandikiane mbele ya mashahidi: nani ametoa nini, faida itagawanywaje, na hasara itabebwa vipi. Andikianeni hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Au anza kwa kukodi mashine msimu mmoja, upime mwenyewe gunia la alizeti latoa lita ngapi, na njia ya kutoka Mkwajuni hadi Mbalizi yala kiasi gani cha nauli.

Ukishapata hesabu za msimu huo, tuandikie tena. Na barua ya pili tungependa mama aitie sahihi pamoja nawe.