Mvua ni safi, paa lako je?

Mifereji ikikauka Ganjoni, wote tunatazama juu. Mvua ikishuka, ndoo, beseni na mitungi inatoka nje, na nani atakulaumu? Mtungi wa lita 20 wa mkokoteni ni pesa, ya mvua ni bure. Wala si mambo mapya hapa kisiwani: birika la kukingia mvua liko mpaka leo ndani ya Fort Jesus.

Ya kuogea, kufulia na chooni, kinga tu. Lakini usiniambie ati ni salama kunywa kwa sababu yametoka kwa Mungu. Sawa, yametoka kwa Mungu, ila yamepitia kwenye paa lako. Huko juu kunguru hawana choo. Kuna paka, panya na vumbi la kiangazi kizima, na mvua ya kwanza inayateremsha yote kwenye ndoo yako. Maji yanaweza kung'aa na bado yakakulaza na kuhara.

Kwa hivyo ziache dakika za mwanzo zioshe paa, ndipo ukinge. Funika tanki, la sivyo unafuga mbu wa dengue. Ya kunywa, chemsha mpaka yatokote au tia dawa ya klorini. Na kama paa lina rangi ya zamani inayobanduka, usiyanywe kabisa: moto unaua vijidudu, hauondoi risasi iliyo kwenye rangi.

Unapanga? Mwambie mwenye nyumba asafishe paa na mifereji yake kabla ya masika. Kodi si unalipa?