Mawe yataipoza dunia, lakini si kwa wakati wetu

Kila unapozuka mjadala wa joto la dunia, hapakosi anayesema: "Hali ya hewa imebadilika tangu azali. Dunia itajirekebisha yenyewe." Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa Pwani.

Ni kweli dunia ina njia ya kujipoza, nayo imo katika mawe. Mvua inaponyesha huchukua kaboni dioksidi hewani, ikawa asidi hafifu. Maji hayo huyala mawe polepole, hasa ya volkano kama ya Mlima Kenya. Madini yaliyoyeyuka, pamoja na kaboni ile, huteremka na mito kama Tana hadi baharini. Huko matumbawe, chaza na viumbe wengine huyatumia kujijengea, na mabaki yao hugeuka mawe ya chokaa. Mawe tunayojengea nyumba kutoka Lamu hadi Vanga yana kaboni iliyofungwa ndani yake.

Joto likizidi, mvua huongezeka, mawe huliwa kwa kasi na gesi hupungua hewani. Baridi ikizidi, kazi hiyo hupungua, huku volkano zikiendelea kutoa gesi na kurudisha joto. Wanasayansi James Walker, Paul Hays na James Kasting waliueleza mpango huu mwaka 1981.

Tatizo ni muda. Yapata miaka milioni 56 iliyopita, kaboni nyingi iliingia hewani na dunia ikapata joto kali. Ilichukua zaidi ya miaka 100,000 kutulia.

Sisi, kwa muda usiofika miaka 300, tumeipandisha kaboni dioksidi kutoka sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa hadi zaidi ya 420. Tena tunaifungua hata ile iliyokwisha kufungwa: kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa tanuuni, kwa chokaa au saruji, hutoa kilo 44 hivi za gesi hiyo, mbali na moshi wa kuni au makaa.

Hasara tumeshaiona. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa. Mvuvi hana miaka 100,000 ya kungoja samaki warudi.

Kwa hivyo viongozi wa kaunti zetu wanapojadili vibali vya machimbo na viwanda vya saruji, hesabu ya kaboni nayo iwekwe mezani, wananchi waione. Na mikoko, kama ile ya Gazi kule Kwale ambayo wanakijiji wanailinda na kuuza hati za kaboni yake, ipewe ulinzi wa kweli. Mkoko hufunga kaboni ndani ya umri wa aliyeupanda.