Mwamba wa Malindi Unahitaji Zamu, Si Ada Pekee

Safari ya siku moja baharini Malindi hupangwa na maji, si na saa ya ukutani. Bamvua likiwadia na maji yakipwa, fungu la mchanga lililo mbele ya Mayungu, ambalo wageni wa Kiitaliano wamelibandika jina la Sardegna Due, huibuka kwa saa chache. Wakati huohuo matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi huwa karibu na uso wa maji, na abiria huyaona vizuri kupitia sakafu ya kioo ya mashua. Ndiyo sababu wote hutaka kwenda kwa wakati mmoja, na hapo ndipo sera ya ada inaposhindwa. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) humtoza kila mgeni kiingilio, na mjadala wa ada huishia kwenye mapato. Lakini mwamba hauumizwi na jumla ya wageni wa mwaka. Unaumizwa na nanga na miguu inayorundikana mahali pamoja wakati wa maji kupwa, na pia kwa viti vya pweza kutolewa majini ili vipigwe picha. Naamini dawa ni kikomo cha mashua kwa kila maji kupwa, kwa zamu itakayopangwa na manahodha wenyewe pamoja na KWS.

Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Adui aliyefikiriwa wakati ule alikuwa mvuvi, na uvuvi ukapigwa marufuku ndani yake. Kisha mwaka 1998 joto la El Nino likayapausha matumbawe ya pwani yetu, mengi yakafa, hata yale yaliyokuwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: ikiwa joto ndilo linaloua, na tope la mto Sabaki linazidi kuyatia maji giza kila mvua za bara zinaponyesha, nahodha anasumbuliwa kwa nini? Kwa sababu joto la dunia halizuiliki kutoka Malindi, ila nanga inazuilika. Tumbawe changa linaloota upya baada ya kupauka huvunjika kwa kukanyagwa mara moja tu, na huchukua miaka kurudi.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Nahodha mwenye mashua moja na ada za shule za kulipa akiambiwa leo si zamu yake, atauliza nani atamlisha. Sitaki kulipuuza swali hilo, maana sheria zinazoshushwa kutoka Nairobi zimewahi kuwaacha wengi wa Pwani mikono mitupu. Lakini tazama Kuruwitu, karibu na Vipingo. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao, takriban hekta 30, wakavumilia hasara ya mwanzo, samaki wakarudi, na mwaka 2017 kazi yao ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Walikubali kwa kuwa uamuzi ulikuwa wao. Kisiwani Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, nyumba za wageni ni 7 tu tangu mwanzo, na baadhi ya waliokuwa wavuvi ndio walinzi wa mwamba. Uchache wa nafasi umeipa safari ya Chumbe thamani. Zamu ikiheshimiwa Malindi, manahodha wataacha kushindana kwa kushusha bei, na siku ya kazi italipa zaidi.

Wapo pia wanaohofu kwamba kikomo kitamfukuza Mkenya na kumwachia bahari mgeni wa dola. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo nafasi za wanafunzi na wakazi wa Kilifi zitengwe kwanza, kabla ya kuuzwa za mahoteli. Maboya ya kufungia mashua yawekwe ili nanga isiguse mwamba kabisa. Miezi ya kusi, bahari inapochafuka na wageni kupungua, ndiyo ya kukaa kitako kuhesabu kila sehemu ya mwamba inabeba mashua ngapi, ili orodha ya zamu iwe tayari kaskazi ikianza kuvuma Desemba.