Kizuri Hakikosi Ila: Wauzao Kamera Waseme Kweli

Miaka hii watu wengi, huko Japani, Ulaya na Marekani, wamezirudia kamera za filamu, na hasa zile ndogo za fahari ziingiazo mfukoni na zenye lenzi ya kuvuta, iitwayo zumu. Vyombo vilivyotupwa kabatini simu zilipoanza kupiga picha, leo vyatafutwa kwa udi na uvumba. Hatuna ugomvi na wazikusanyao. Lakini palipo na mahaba na pesa, udanganyifu haukai mbali, na hilo ndilo litupasalo kulisema.

Tutwae mfano wa Contax TVS, iliyotolewa mwaka 1993 na kampuni ya Kyocera ya Japani. Mwili wake ni wa titaniamu, na lenzi yake ya Carl Zeiss huvutwa kwa mkono kutoka milimita 28 hadi 56. Leica nayo ilitoa Minilux Zoom mwaka 1998, yenye lenzi ya milimita 35 hadi 70. Ni kamera za kupendeza, na penye jua kama letu la pwani hutoa picha safi.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Lenzi ya TVS ikivutwa mpaka mwisho, mwanga uingiao haufiki hata thuluthi ya ule wa mwanzo. Basi asitaraji mtu kupiga picha za harusi usiku bila ya taa. Hiyo si kasoro, ndiyo tabia yake. Kasoro ni nyingine. Kamera hizi zaendeshwa kwa betri, na ndani yake mna tepe nyembamba za umeme zinazojikunja kila lenzi itokapo na kurudi. Baada ya miaka mingi tepe hukatika, na kamera iliyofanya kazi asubuhi hunyamaza jioni. Kyocera ilitangaza mwaka 2005 kuiacha biashara ya Contax, kwa hivyo aghalabu fundi huvunja kamera moja ili aponye nyingine. Tena, katika miji ya joto na unyevu kama Mombasa na Lamu, lenzi iliyofungiwa mkobani huota ukungu.

Muuzaji mzoefu ayajua haya yote. Lakini wapo waandikao neno moja tu, "haijajaribiwa", kisha wakadai bei ya kitu kizima. Twauliza: betri yake bado yauzwa madukani, na kuijaribu ni kazi ya dakika chache, mbona haikujaribiwa? Kijana wa hapa kwetu aliyedunduliza pesa zake akaagiza kamera ya namna hii kutoka ng'ambo, hana njia ya kuishika kabla ya kulipa. Tegemeo lake ni ulimi wa muuzaji.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili halina utata. Muuzaji aijuaye ila ya bidhaa yake yampasa aitaje, na kuificha ni haramu. Sheria imempa mnunuzi hiari ya kuirudisha bidhaa akigundua ila iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu hapa pwani, atakiwa afanye hivyo bila ya kukawia. Wala haifai aendelee kuitumia mwezi mzima ndipo alalamike.

Basi mnunuzi naye asiwe mzembe. Aulize kwa maandishi: je, lenzi yatoka na kurudi? Taa yawaka? Ukimulika kurunzi ndani ya lenzi, pana ukungu? Na kamera ikimfikia, atie filamu moja siku ile ile, apige picha zote 36, aipeleke ikasafishwe.

Tena yafaa wakusanyaji wakumbuke kuwa kujaza kabati kamera kumi zisizoguswa ni israfu, na ni kuziua vilevile, kwani mtambo usioendeshwa hukwama. Aliye nayo aitumie, na aihifadhi penye hewa kavu.

Kwa wauzaji, hasa ndugu zetu Waislamu, ombi letu ni jepesi. Kamera mbovu si aibu. Wako mafundi waitakao kwa vipuri vyake. Itajeni ila yake, muiuze kwa bei ya ubovu wake, na pesa mtakazopata zitakuwa na baraka.