Wa Kwanza Kutembea Mto ni Nani?

Hivi wewe na mwenzako mkitembea kwa miguu kutoka Kimara hadi Posta, mkafika wote wawili mkiwa hoi, halafu kesho yake ikaandikwa kwamba umefika peke yako, mwenzako atakuwa amepotelea wapi? Ubungo?

Swali hili linanisumbua kila ninaposoma habari za watu wanaotembea mito mikubwa kutoka chanzo hadi baharini. Mchukue Ed Stafford, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi. Alianza safari tarehe 2 Aprili 2008 kwenye pwani ya Peru, akapanda milima ya Andes hadi chanzo cha mto Amazon, kisha akaufuata mto hadi Atlantiki upande wa Brazil. Alifika tarehe 9 Agosti 2010. Siku 860! Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo, na mimi simnyimi haki yake.

Lakini njiani alimpata Mperu mmoja anayeitwa Gadiel Sánchez Rivera, maarufu kwa jina la Cho, mfanyakazi wa misitu. Cho alikubali kumsindikiza siku 5 tu. Siku 5 zikazaa miaka miwili! Stafford alipoingia baharini, Cho alikuwa ubavuni pake. Haya niambie, ni wangapi kati yetu tuliwahi kulisikia jina hilo?

Tusogee nyumbani. Disemba 2013 Mwingereza mwingine, Levison Wood, alianza kuufuata mto Nile kutoka msitu wa Nyungwe, Rwanda. Alifika Mediterania mwisho wa Agosti 2014, ingawa vita vya Sudan Kusini vilimlazimisha kuruka sehemu ya njia. Haikuwa matembezi ya kupunga upepo, maana mwandishi wa Kimarekani Matthew Power, aliyeungana naye Uganda, alifariki Machi 2014 kwa sababu ya joto kali. Rwanda, Tanzania na Uganda, Wood alipita na Mkongo Ndoole Boston. Tulipoitazama filamu yao, wengi tulisema "yule mzungu na gaidi wake." Basi. Mtu mzima na jina lake akageuka kuwa mzigo wa mwenzake.

Jamani, huu ugonjwa ni wa zamani. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani hadi India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikuwemo katika msafara wa Burton na Speke mwaka 1857. Akaondoka tena na Speke mwaka 1860, wakapita Nile inapotoka ziwani mwaka 1862, na mwaka 1863 akaingia Cairo baada ya kwenda kwa miguu na kwa mashua. Akamwongoza Stanley mwaka 1871. Akatoka na Cameron Bagamoyo mwaka 1873 wakalivuka bara zima hadi Atlantiki. Ukijumlisha, huyu bwana aliitembea Afrika haswa. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kikampa nishani ya fedha. Sisi shuleni tulikariri nini? Speke aligundua chanzo cha Nile. Tukapata alama, tukaenda kidato kinachofuata.

Sasa kabla hujaanza kushangilia kwamba leo nawapiga wazungu madongo, tulia kidogo. Stafford alimwandika Cho. Wood alimwandika Boston. Hata habari nyingi za Bombay tunazijua kwa sababu hao mabwana waliziandika. Sioni walichoficha. Ninayemlaumu ni mimi na wewe, wenye digrii na kalamu. Bombay hakutuachia kitabu chake. Sisi tuna kisingizio gani?

Nitatoa mfano mmoja unaouma. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vikazama. Ubishi ukawaka: ni mvua, au ni Bwawa la Nyerere lililoanza kujazwa Disemba 2022? Sote tulibishana kwa kujiamini ajabu, tukiwa tumekaa mjini na simu mkononi. Ni nani kati yetu aliyewahi kuufuata mto ule hata siku tatu? Mimi sikuwemo. Nilibishana vilevile.

Mto ofisini hukatwa vipande. Huyu ana umwagiliaji, yule umeme, yule wanyama, yule mikoko. Lakini maji ni yaleyale. Ruaha Mkuu unashuka kutoka milima ya kusini magharibi, unalisha mpunga wa Usangu, unapita hifadhini, Mtera, Kidatu, kisha unaingia Rufiji na kuelekea delta. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Anayetembea kutoka juu hadi chini ndiye atakayemsikia mkulima wa Usangu kabla hajamsikia mvuvi wa delta, na kuona jinsi mfereji wa mmoja unavyokuwa kiu ya mwingine.

Najua utaniambia kuna simba, mamba na vibali vya hifadhi. Kweli kabisa, na asiyeomba kibali wala askari wa wanyamapori ni mjinga, si shujaa. Lakini si lazima uumalize kwa mkupuo. Tembea kipande, andika, rudi mwakani. Utaniambia hakuna hela. Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja wazo hili, akacheka, akauliza nani atalipa posho. Siku hiyohiyo tulienda semina ya mazingira hotelini, posho ikalipwa.

Ukweli ni kwamba tunaona aibu kutembea. Kwetu miguu ni ya asiye na nauli. Neno safari wameliazima kutoka kwetu, wanalitumia dunia nzima, sisi tumebaki kupanga foleni kununua vitabu vyao.

Kwa hiyo akitokea tena mgeni na buti zake, akautembea Rufiji wote na kutangazwa wa kwanza, tafadhali tusilalamike. Atakuwa na kirangozi wetu pembeni, kama kawaida, na sisi tutakuwa wa kwanza kusahau jina lake.